Jinsi ya Kutumia Sumatriptani Kipandauso Kinapoanza

Kidonge cha sumatriptani cha miligramu 50 kinaweza kumtuliza mgonjwa wa kipandauso ndani ya muda wa saa 2, na kidonge kingine cha pakiti hiyohiyo, kikimezwa na mgonjwa huyohuyo siku nyingine akiwa amechelewa saa 3 au 4, kikamwacha kitandani kama alivyokuwa. Ni rahisi basi kudhani kwamba dawa imeisha nguvu au kwamba duka limemuuzia bandia. Mara nyingi kilichobadilika ni hali ya neva za kichwa na hali ya tumbo wakati kidonge kilipomezwa. Kwa sababu hiyo nitaeleza kwanza jinsi dawa hii inavyofanya kazi, kwa maana karibu kila sharti la matumizi yake linatoka hapo: wakati wa kumeza, muda wa kusubiri kabla ya kurudia, na watu ambao hawapaswi kuigusa kabisa.

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima aliyekwisha kupimwa na kuambiwa na daktari kwamba maumivu yake ni kipandauso. Kwa kawaida hayo ni maumivu yanayodunda, mara nyingi upande mmoja wa kichwa, yanayodumu kati ya saa 4 na 72 yasipotibiwa, yanayozidi mtu anapopanda ngazi au kutembea haraka, na yanayokuja pamoja na kichefuchefu au kutapika, au kushindwa kuvumilia mwanga na kelele. Kwetu Afrika Mashariki kichwa kikiuma sana jambo la kwanza linalofikiriwa ni malaria, na ni rahisi mtu kumeza dawa za malaria mara kwa mara bila kupimwa kwa ajili ya kichwa ambacho hakikuwa na homa hata siku moja. Kipimo cha malaria ni cha haraka, kifanyike. Kinyume chake pia ni kweli, na ni cha hatari zaidi: mtu mwenye kipandauso cha miaka mingi anaweza kupata ugonjwa mwingine wa kichwa. Maumivu makali yaliyolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja, maumivu yenye homa na shingo ngumu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuchanganyikiwa, degedege, maumivu baada ya kuumia kichwa, maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50, maumivu mapya kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka, au maumivu makali kwa mama mjamzito au aliyejifungua karibuni, hayo yote ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Sumatriptani haihusiki nayo, na nafuu inayoweza kuleta isichukuliwe kuwa uthibitisho kwamba ni kipandauso tu.

Serotonini, mishipa ya damu na neva ya tano

Mwaka 1938 John Graham na Harold Wolff nchini Marekani walionyesha kwamba ergotamini, dawa ya zamani ya kipandauso, inapunguza mdundo wa mshipa wa damu wa kwenye panja huku maumivu nayo yakipungua. Mwaka 1961 Federigo Sicuteri na wenzake nchini Italia walikuta mabaki ya serotonini, kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe kati ya neva, yameongezeka katika mkojo wa wagonjwa wakati wa shambulio, na katika miaka hiyohiyo ikaonekana kwamba serotonini yenyewe, ikiingizwa kwenye mshipa wa damu, hutuliza maumivu. Hata hivyo serotonini haiwezi kuwa dawa ya mtu kubeba mfukoni, kwa sababu inavuruga pumzi, tumbo na mzunguko wa damu kwa pamoja. Patrick Humphrey na kikundi chake katika kampuni ya Glaxo nchini Uingereza walianza, mapema katika miaka ya 1970, kutafuta kemikali itakayoiga serotonini katika mishipa ya kichwa na kuacha sehemu nyingine za mwili kwa kadiri inavyowezekana. Matokeo ya kazi hiyo ni sumatriptani, ambayo kwenye boksi huandikwa sumatriptan, na ambayo sindano yake iliidhinishwa Uholanzi mwaka 1991 na Marekani mwaka 1992. Majina ya kibiashara yanayojulikana zaidi ni Imigran na, huko Marekani, Imitrex. Leo imo pia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Serotonini hufanya kazi kwa kushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wake, na vipokezi hivyo viko vya aina nyingi. Sumatriptani hushika hasa aina mbili. Aina ya kwanza, iitwayo 5-HT1B, iko kwenye misuli laini ya mishipa ya damu ya utando wa ubongo, na ikishikwa mishipa iliyotanuka hujibana. Aina ya pili, 5-HT1D, iko kwenye ncha za neva ya tano ya kichwa, yaani neva ya trijemino, ambayo matawi yake yanahudumia uso, kipaji, na utando unaoufunika ubongo. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Kinachouma ni utando huo na mishipa yake. Wakati wa shambulio ncha za neva ya tano humwaga peptidi, aina ya protini ndogo, iitwayo CGRP, ambayo hutanua mishipa na kuifanya neva iwe nyepesi kuhisi, kiasi kwamba hata mdundo wa kawaida wa damu unasikika kama nyundo. Peter Goadsby na Lars Edvinsson walipima damu ya mshipa wa shingoni mwaka 1990 wakakuta CGRP imepanda wakati wa shambulio, na baadaye wakaonyesha kwamba sumatriptani inaishusha sambamba na maumivu. Dawa hii, kwa hiyo, haiui maumivu kwa jumla kama paracetamoli. Inaziba mdomo wa neva moja, na ndiyo maana haina faida kwa maumivu ya mgongo, ya hedhi au ya jino.

Sasa tufike kwenye saa. Shambulio likianza, zinazopiga kelele ni ncha za neva ya tano, na hapo sumatriptani inazifikia. Likiachwa liendelee, kelele hiyo inaziamsha neva za ndani, kwenye shina la ubongo, nazo zikishaamka hujiendesha zenyewe hata kama ncha za nje zimenyamazishwa. Mgonjwa anaweza kutambua hatua hii bila kipimo chochote: ngozi ya kichwa inakuwa kidonda. Kuchana nywele kunauma, miwani inauma, hereni inauma, kulaza kichwa juu ya mto upande ule kunauma, kitambaa kilichofungwa kichwani kinalazimika kufunguliwa. Rami Burstein na wenzake mjini Boston waliwafuatilia wagonjwa wa namna hii, na katika matokeo yao ya mwaka 2004 waliona kwamba waliomeza dawa kabla ngozi haijafikia hali hiyo ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kubaki bila maumivu kabisa, wakati waliochelewa walipata nafuu ya mdundo lakini kichwa hakikupona. Jambo hili, kwa maoni yangu, lingepaswa kuelezwa kwa kila mgonjwa siku anayokabidhiwa pakiti ya kwanza.

Kuhusu kubana mishipa, wataalamu walibishana kwa miaka mingi kama ndiko kunakotibu. Dawa mpya ya lasmiditani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hushika kipokezi cha 5-HT1F bila kubana mishipa, na bado hutuliza kipandauso. Hivyo kubana mishipa si lazima ili maumivu yaondoke. Lakini sumatriptani inabana, tupende tusipende, na kwa kuwa vipokezi vya 5-HT1B viko pia, kwa kiasi kidogo, kwenye mishipa ya moyo, hapo ndipo makatazo yake makubwa yanapotoka.

Kidonge kinavyosafiri mwilini

Katika kila miligramu 100 zinazomezwa, ni karibu 14 au 15 tu zinazofika kwenye damu. Nyingine haifyonzwi vizuri na utumbo, na nyingine huharibiwa na ini kabla haijaingia kwenye mzunguko wa mwili. Anayeiharibu ni kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidezi A, ambacho kazi yake ya kawaida ni kuvunja serotonini yenyewe. Kimeng'enya hiki tutarudi kwake. Sindano ya chini ya ngozi inaruka vizuizi vyote viwili, kwa hiyo karibu asilimia 96 ya miligramu 6 inaingia kwenye damu, na kilele chake kinafikiwa kwa dakika 12 hivi, wakati kidonge huchukua kama saa 2. Dawa ya kupuliza puani iko karibu na kidonge kwa kiasi kinachoingia, kwa sababu sehemu yake kubwa hatimaye humezwa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika majaribio yaliyokusanywa na Cochrane, kikundi cha watafiti kinachojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba. Baada ya muda wa saa 2, kati ya watu 100 wenye maumivu ya kati au makali, kama 28 walikuwa hawana maumivu kabisa kwa kidonge cha miligramu 50, 32 kwa kidonge cha miligramu 100, na 59 kwa sindano ya miligramu 6; waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 11. Waliomeza miligramu 100 maumivu yakiwa bado madogo, 58 kati ya 100 walimaliza saa 2 bila maumivu. Yaani kuwahi kumeza kidonge kunaweza kuleta matokeo yanayokaribia ya sindano, bila sindano.

Jambo jingine ni tumbo. Wakati wa kipandauso tumbo hupunguza mwendo wake, hata kwa mgonjwa asiyetapika, na kidonge kinaweza kukaa humo kwa muda mrefu bila kupita kwenda kwenye utumbo mwembamba ambako dawa hufyonzwa. Hii ni sababu ya pili ya kuwahi, na ndiyo sababu daktari anaweza kuongeza metoklopramidi ya miligramu 10, ambayo inatuliza kichefuchefu na kuliamsha tumbo. Vijana waitumie kwa uangalifu, kwa sababu inaweza kuwasababishia kukakamaa kwa shingo, taya au macho. Chakula hakipunguzi sana kiasi cha sumatriptani kinachoingia mwilini. Kinachelewesha kidogo tu, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri njaa wala shibe.

Baada ya hapo dawa hutoka haraka. Kila baada ya saa 2 hivi kiasi chake katika damu hupungua nusu, na baada ya saa 10 kimebaki kama asilimia 3 tu. Shambulio la kipandauso laweza kudumu siku 3. Mgonjwa aliyepona saa 4 asubuhi na maumivu yakamrudia saa 2 usiku hajapewa dawa mbovu. Dawa imeisha mwilini na shambulio bado halijaisha. Hali hii huwapata watu wengi, takriban mmoja kati ya watatu wa waliopata nafuu.

Namna ya kumeza

Meza kidonge kizima kwa maji mara tu maumivu yanapoanza na ukawa na hakika kwamba ni kipandauso, kabla hayajawa makali na kabla ngozi ya kichwa haijaanza kuuma. Baadhi ya watu hutanguliwa na dalili za macho, kama vimulimuli, mistari ya kumetameta au doa lisiloona, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni hadi mdomoni, kwa dakika 5 hadi 60. Usimeze wakati huo. Dawa ilipojaribiwa kwa sindano katika kipindi cha dalili hizo haikuzuia maumivu yasije. Subiri maumivu yenyewe yaanze, kisha usichelewe. Ukiisikia shaka kama haya ni maumivu ya kawaida ya uchovu, anza na dawa ya kawaida.

Dozi ya kwanza kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 50, na wengine huhitaji 100. Mwenye ugonjwa wa ini wa kiasi asizidishe miligramu 50 kwa mara moja, kwa sababu ini lisipoivunja dawa vizuri kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka sana. Mwenye ugonjwa mkali wa ini asitumie kabisa. Dozi ya kwanza isipofanya kazi yoyote, usiongeze ya pili kwa shambulio lilelile, kwani neva za ndani zimekwisha kuamka na nyongeza haitazifikia. Tumia paracetamoli au ibuprofeni badala yake. Dozi ya kwanza ikiwa imeleta nafuu na maumivu yakarudi, hapo kurudia kunaruhusiwa, mradi angalau saa 2 zimepita. Maelekezo ya Marekani yanaweka ukomo wa miligramu 200 kwa saa 24. Ya Uingereza yanafika 300. Mimi ningeshikamana na 200. Kwa sindano, dozi ni miligramu 6, kurudia ni baada ya angalau saa 1, na ukomo ni sindano 2 kwa saa 24. Sindano hiyo ni ya chini ya ngozi, pajani au kwenye mkono wa juu. Ikiingizwa kwenye mshipa wa damu inaweza kuibana mishipa ya moyo.

Wengine hunufaika kwa kumeza naprokseni, dawa ya maumivu ya jamii ya ibuprofeni, ya miligramu 500 pamoja na sumatriptani. Sababu yake ni ya kifamasia kabisa: sumatriptani inaanza kazi mapema na kuondoka mapema, naprokseni inabaki nusu siku na zaidi ikituliza uvimbe wa utando, na kwa pamoja zinapunguza maumivu kurudi. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asifanye hivyo bila daktari.

Na kwa kuwa sumatriptani ni dawa ya cheti cha daktari, haimo katika kila duka la dawa, na si kila mfuko unaimudu, ni haki kusema kwamba aspirini ya miligramu 900 hadi 1000, au ibuprofeni ya miligramu 400, ikimezwa mapema pamoja na metoklopramidi, haiko mbali nayo kwa mashambulio ya kati. Anayepona kwa njia hiyo hana sababu ya kuhama. Tahadhari moja kwa wakazi wa pwani: kichwa chenye homa katika msimu wa dengue, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, kisitibiwe kwa aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutokwa damu.

Uzito kifuani

Watumiaji kadhaa huhisi, ndani ya saa ya kwanza, joto au mchomo mwepesi mwilini, kusinzia, kizunguzungu, na uzito au kubanwa kwenye shingo, taya, koo au kifua. Mtu asiyeambiwa mapema huogopa sana, na ana haki ya kuogopa. Kwa wengi hisia hiyo haitoki kwenye moyo na hupita yenyewe kwa muda mfupi. Lakini hakuna anayeweza kuipima kwa kujihisi tu: ikiwa kubanwa ni kukali, kunadumu, kunaenea mkono wa kushoto, au kunakuja na jasho na kukosa pumzi, nenda hospitali na usimeze tena dawa hii mpaka moyo upimwe. Baada ya kumeza, usiendeshe gari wala bodaboda mpaka ujue inakufanyaje.

Wasiopaswa kuitumia

Kwa kuwa inabana mishipa, sumatriptani imekatazwa kabisa kwa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au maumivu ya kifua yatokanayo na mishipa ya moyo, aliyewahi kupata kiharusi au kiharusi kidogo cha kupita, mwenye mishipa ya miguu iliyoziba, na mwenye presha isiyodhibitiwa. Neno la mwisho hilo lina uzito kwetu, kwa sababu watu wengi wana presha bila kujua. Pima presha kabla ya pakiti ya kwanza. Mwanamume aliyevuka miaka 40, mwanamke aliyekoma hedhi, mvutaji wa sigara, mwenye kisukari, mwenye kolesteroli ya juu au mwenye ndugu wa damu aliyepata ugonjwa wa moyo mapema, hao wapimwe moyo kwanza, na ni vyema dozi ya kwanza waimeze mbele ya mhudumu wa afya. Kipandauso kinachopoozesha upande mmoja wa mwili, au kinachoanza na kizunguzungu kikali, kuona viwili na ulimi mzito, nacho hakitibiwi kwa dawa hii.

Sumatriptani ina kundi la kikemikali la salfonamaidi. Uwezekano wa mzio kuvuka kutoka dawa moja ya kundi hilo kwenda nyingine ni mdogo, lakini aliyewahi kubabuka ngozi au kuvimba uso kwa Septrin au kwa SP ya malaria amweleze daktari hilo kabla hajaandikiwa.

Mama mjamzito huanza na paracetamoli. Taarifa zilizokusanywa kuhusu wajawazito waliotumia sumatriptani hazikuonyesha ongezeko la kasoro kwa watoto, hivyo aliyemeza kabla hajajua kwamba ana mimba asihangaike, ila asiendelee bila daktari. Kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo. Maelekezo ya watengenezaji hata hivyo yanataka saa 12 zipite kabla ya kunyonyesha.

Inapokutana na dawa nyingine

Hapa tunarudi kwenye kile kimeng'enya cha monoamini oksidezi. Dawa yoyote inayokizuia huiacha sumatriptani ijae kwenye damu kupita kiasi, na muda wa kusubiri baada ya kuacha dawa hiyo ni wiki 2. Zilizo maarufu katika vitabu ni dawa za zamani za sonona ambazo hazionekani sana kwetu. Iliyo muhimu zaidi katika hospitali zetu ni linezolidi, dawa inayotumika katika kutibu kifua kikuu sugu, ambayo nayo huzuia kimeng'enya hicho. Mgonjwa anayetumia linezolidi asimeze sumatriptani bila idhini ya daktari wake wa kifua kikuu.

Ergotamini, ambayo bado huuzwa kwa ajili ya kipandauso, nayo inabana mishipa, na zikikutana mbili mbano hujumlishwa. Ziachane kwa saa 24. Dawa za ukoo wa ergoti hutolewa pia wodi ya wazazi kuzuia damu isitoke sana baada ya kujifungua, kwa hiyo mama aliyetoka leba aulize alichopewa. Kwa wanaotumia ARV zenye ritonaviri au atazanaviri, ergotamini ni hatari kubwa: ARV hizo huzuia ini kuivunja, mishipa hujibana mpaka vidole vinaweza kufa. Sumatriptani haipiti njia hiyo ya ini, na hapo inaizidi ergotamini kwa usalama. Tofauti hiyo isisahauliwe pale mtu anapobadilishiwa dawa: eletriptani, ambayo ni ndugu wa sumatriptani, inapita njia ileile ya ergotamini na haitumiki pamoja na ritonaviri, klarithromisini wala ketokonazoli.

Kuhusu dawa za sonona za kisasa kama fluoksetini, mamlaka ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2006 kwamba serotonini inaweza kuzidi mwilini. Tukio hilo ni nadra sana na madaktari wengi huzitumia pamoja, lakini mgonjwa akitetemeka, akatoka jasho jingi, akapata homa na kuchanganyikiwa baada ya kumeza, apelekwe hospitali. Propranololi, inayotumika kuzuia kipandauso, haina shida na sumatriptani, ila inapandisha kiasi cha rizatriptani, ndugu mwingine wa sumatriptani, ambayo lazima dozi yake ipunguzwe hadi miligramu 5.

Kuhesabu siku

Kipandauso kina mtego: dawa inayokitibu, ikizidishwa, inakizalisha. Mtu anayemeza sumatriptani siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kuanza kuumwa kichwa karibu kila siku, na kila kidonge kikaleta nafuu fupi na maumivu marefu zaidi. Kwa paracetamoli, aspirini au ibuprofeni ikitumika peke yake ukomo ni siku 15. Vidonge vya dukani vinavyochanganya aspirini, paracetamoli na kafeini vinahesabiwa siku 10 kama sumatriptani, na hivi ndivyo ninavyohofia zaidi, kwa sababu vinauzwa kila kioski na hakuna anayevihesabu. Kinachohesabiwa ni siku, si vidonge: vidonge viwili kwa siku moja ni siku moja. Andika kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu tarehe, saa maumivu yalipoanza, saa uliyomeza, hali ilivyokuwa baada ya saa 2, na kama yalirudi. Mwenye siku 4 au zaidi za kipandauso kwa mwezi aongee na daktari kuhusu dawa ya kila siku ya kuzuia, kama propranololi au amitriptilini, badala ya kuongeza za kutuliza.

Kalenda hiyo ndiyo itakayoonyesha kama dawa imeshindwa kweli. Usiiache kwa shambulio moja. Ipe mashambulio 3. Yakipita, daktari akiona kwamba ulimeza ndani ya saa ya kwanza na bado hukupata nafuu, anaweza kupandisha hadi miligramu 100, kuongeza naprokseni, au kwenda kwenye sindano kama unatapika mapema. Akiona ulipata nafuu lakini maumivu yalirudi usiku kila mara, anaweza kukuhamishia kwa naratriptani, ambayo hupungua nusu kwa saa 6, au frovatriptani, kwa saa 26. Zote mbili huanza polepole na hukaa muda mrefu. Asiyesaidiwa na triptani moja, yaani dawa moja ya ukoo huu wa sumatriptani, huweza kusaidiwa na nyingine. Pakiti iliyobaki itunzwe ndani ya karatasi yake ya bati, chini ya nyuzijoto 30, mbali na dashibodi ya gari lililofungwa juani, na kidonge kimoja kikae kwenye mkoba unaotoka nao nyumbani.